Kilichoelea, kilichotoswa, kilichotelekezwa: maneno manne ya Kiingereza na ziwa letu

Wadau, leo tuzungumze kuhusu takataka. Zile za dampo tuwaachie madiwani. Nataka tuangalie maneno manne ya Kiingereza yanayotaja vitu vilivyotupwa au kuachwa majini. Mawili kati yake wengi tumewahi kukutana nayo, tena yakiwa yamefungwa pamoja kama Kulwa na Doto: flotsam na jetsam. Ukimuuliza msomi wa chuo kikuu tofauti yake atakwambia "ni uchafu unaoelea baharini", basi. Mengine mawili, lagan na derelict, ndiyo kabisaaa, hata Waingereza wenyewe wengi hawayajui.

Sasa mtu wa Bukoba au Muleba anahangaika nini na maneno ya mabaharia wa Kizungu? Sababu ni moja. Sisi wa Kagera tumeishi na ziwa miaka yote. Ziwa limetulisha, limetusafirisha, na mara kadhaa limetuchukulia watu. Kila linapotuchukulia, sisi tunaoandika magazetini tunakimbilia neno moja tu: mabaki. Mabaki ya meli, mabaki ya ndege, mabaki ya miili, mabaki ya mizigo. Neno hilo hilo tunalitumia kwa wali uliobaki kwenye sahani na kwa vigae vya miaka elfu mbili. Swali langu leo ni kama neno hilo linatosha, na kama halitoshi, tunapoteza nini.

Tuanze na historia ya maneno yenyewe.

Neno wreck, ambalo leo sote tunalielewa kuwa ni chombo kilichovunjika, zamani halikuwa na maana hiyo. Katika sheria ya Waingereza wa kale lilikuwa na maana ya kitu chochote kilichosukumwa na bahari mpaka ufukweni. Kitu kikishafika nchi kavu kikiwa hakina mwenyewe, kilikuwa mali ya mfalme, au ya bwana wa eneo hilo aliyepewa haki hiyo na mfalme. Mnaona hatari yake? Kama meli ikivunjika unapata mali ya bure, basi baharia aliyenusurika ni kikwazo kwako. Ndiyo maana mwaka 1275, zama za Mfalme Edward wa Kwanza, Waingereza walipitisha sheria inayosema hivi kwa ufupi: kama mtu, mbwa au paka ametoka hai kwenye chombo, basi chombo hicho na vilivyomo visihesabiwe kuwa wreck. Vitunzwe mwaka mmoja na siku moja, na mwenyewe akijitokeza na ushahidi arudishiwe. Ndugu zangu, paka! Paka mmoja akiogelea mpaka nchi kavu, mali ya tajiri imepona.

Sheria hiyo inachekesha lakini ina akili. Inasema kitu hakigeuki kuwa cha kuokotwa kwa sababu tu kimelowa na kimevunjika. Maadam kuna uhai uliotoka nacho, kuna mwenyewe.

Mwaka 1601 ikaja kesi maarufu ya Sir Henry Constable, bwana mmoja aliyekuwa na haki ya kuchukua vilivyotupwa na bahari katika pwani ya eneo lake. Ripoti ya kesi hiyo iliandikwa na mwanasheria Edward Coke, na humo ndimo maneno yetu yalipopangwa sawasawa. Flotsam ni mali inayoelea baada ya chombo kuzama. Hakuna aliyeitupa, imejitokea yenyewe. Jetsam ni mali iliyotupwa makusudi na mabaharia ili kukipunguzia chombo uzito kisizame. Lagan ni mali nzito ambayo mabaharia wameizamisha wakaifungia boya, ili wakipona warudi kuichukua. Baadaye likazoeleka na derelict: chombo kilichoachwa na watu wake wote, wakiwa hawana nia ya kurudi wala tumaini la kukipata tena.

Hebu vitazame hivyo vinne kwa makini. Gunia ni lile lile, maji ni yale yale. Kilichobadilika ni moyo wa mwenyewe: aliachia kwa hiari au kwa kulazimika? Na baada ya kuachia, anatarajia kurudi?

Haya, turudi nyumbani. Kuna watu watasema Kiswahili hakina maneno hayo. Mimi nasema tunayo, ila hatuyatumii. Flotsam ni kilichoelea. Derelict ni kilichotelekezwa, neno ambalo tunalitumia kila siku kwa watoto na wake walioachwa bila matunzo. Jetsam ni kilichotoswa. Kutosa ni Kiswahili safi cha kutupa kitu majini, na vijana wa mjini mnalijua vizuri kuliko mabaharia, maana mtu akiachwa na mpenzi wake tunasema katoswa. Mmeona lilivyo sahihi? Aliyetoswa hakuanguka mwenyewe kutoka chomboni. Kuna mtu aliamua kwamba ili safari iendelee, huyu lazima ashuke.

Na lagan je? Mimi nalitafutia mwenzake jikoni: kiporo. Makombo ni chakula ulichokiacha na hukitaki tena. Kiporo ni chakula ulichokilaza makusudi ukikilengea kesho asubuhi na chai. Vyote vilikuwa sufuria moja, lakini kimoja kina ahadi ndani yake. Ndiyo maana hata kwenye mpira tunasema mechi za kiporo, mechi ambazo hazijafutwa, zinasubiri tarehe. Mzungu kwa yote mawili, makombo na kiporo, kwa kawaida ana neno moja tu. Kwa hiyo tusidharau lugha yetu. Mwingereza aliweka akili yake baharini, sisi tuliiweka jikoni na kwenye kinu: kuna makapi, pumba, wishwa, chicha, ukoko, na kila kimoja kina mahali pake.

Sasa maneno hayo ya Kiingereza yalifikaje huku? Yalikuja na sheria. Sheria kubwa ya meli ya Uingereza ya mwaka 1894 iliyakusanya yote manne ndani ya neno wreck, na sheria nyingi za meli katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza zimetoka katika ukoo huo. Lakini ilisema jambo moja la kuchekesha kwa mtu wa Kagera: ilihusu vitu vinavyopatikana baharini au kwenye maji yanayopwa na kujaa, na kwenye fukwe zake. Ziwa Victoria, ambalo Wahaya wanaliita Lweru (jina ambalo Dayosisi ya Anglikana yenye makao yake Muleba imelibeba mpaka leo), halipwi wala halijai kama bahari. Maneno yalitungwa kwa maji mengine kabisa. Tuyajaribu basi kwenye maji yetu tuone.

Jaribio la kwanza ni kisiwa cha Bumbire, wilaya ya Muleba, Aprili 1875. Henry Morton Stanley alikuwa anazunguka ziwa na mashua yake iitwayo Lady Alice. Akiwa anatoka Uganda kurudi kusini, njaa ikiwa imewabana, akatia nanga Bumbire kutafuta chakula. Kwa maelezo yake mwenyewe, wenyeji waliikamata mashua wakaivuta mpaka nchi kavu ikiwa na watu ndani, kukawa na vitisho na mazungumzo marefu, kisha wakachukua makasia. Stanley na watu wake walifanikiwa kuisukuma mashua majini tena, wakang'oa mbao za sakafu ya mashua wakazitumia kupigia makasia, huku yeye akiwapiga risasi waliokuwa wakiwafuata. Agosti mwaka huo huo alirudi na kikosi kikubwa, akawapanga watu wenye bunduki kwenye mitumbwi, akawapiga risasi wenyeji waliokuwa ufukweni. Waliuawa makumi. Habari hizo alizituma mwenyewe magazetini, na zilipochapishwa zilimletea lawama kubwa huko huko Uingereza.

Sasa yale makasia tuyaite nini? Hayakuelea, hayakutoswa, hayakutelekezwa. Stanley aliandika kwamba yaliporwa, na sisi tumesoma hivyo kwa zaidi ya karne kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kalamu. Watu wa Bumbire hawakutuachia maandishi. Kwao ile mashua iliyofika ufukweni ilikuwa nini? Mgeni? Adui? Kitu kilicholetwa na ziwa? Uingereza, bwana wa pwani kama Sir Henry Constable alidai kilicholetwa na maji na akaheshimiwa mpaka akafika mahakamani. Bumbire, waliokizuia chombo walilipwa risasi. Kwa hiyo somo la kwanza: kabla ya kuuliza kitu kiliachwaje, uliza nani anasimulia.

Jaribio la pili ni Kemondo, Bukoba Vijijini. Wengi tunaijua kama bandari. Lakini chini ya ardhi ya Kemondo kuna hadithi nyingine. Kuanzia mwaka 1969 mwanaakiolojia wa Kimarekani Peter Schmidt alifanya utafiti katika nchi ya Wahaya, Katuruka karibu na Maruku, halafu baadaye Kemondo. Katuruka wazee walimpeleka kwenye mahali palipohusishwa na Mkama Rugomora Mahe, palipokuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina lililohusishwa na mahali pa kufulia chuma. Alipochimba akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa kale sana. Kemondo zikapatikana tanuri za kuyeyushia chuma za karne za mwanzo baada ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science, na dunia ikajua kwamba babu zetu walikuwa na ufundi wa hali ya juu wa chuma. Mpaka leo wataalamu wanabishana kuhusu baadhi ya tarehe na jinsi hewa ilivyopashwa moto tanurini, lakini hakuna anayebisha kwamba tanuri zilikuwepo.

Ushahidi wenyewe ulikuwa nini? Takataka, wadau. Vipande vya mirija ya udongo iliyopeleka hewa ya mivukuto, mkaa, vigae, na mavi ya chuma, yale mabonge mazito meusi yanayobaki chuma kikishatoka. Mafundi walitupa wakaenda zao na chuma chao. Majembe na mikuki vimeshaoza kwa kutu au vimefuliwa upya mara kumi, lakini mavi ya chuma yapo. Hapa neno derelict linashindwa, kwa sababu waliotelekeza kitu kile hawakujua kwamba wanatuachia cheti chetu cha kuzaliwa. Kiwe kimetoswa au kimetelekezwa, kitu kinaweza kupata mwenyewe mwingine miaka 1500 baadaye. Hilo nalo ni somo.

Kutoka Kemondo hiyo hiyo twende kwenye jaribio la tatu, ambalo ndilo zito. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua abiria na mizigo, yakiwemo mashehena ya ndizi, ikaelekea Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 Mei, Mwanza ikiwa imeshakaribia, ikapinduka. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894, na kuna wanaosema walikuwa zaidi. Waliookoka walikuwa zaidi kidogo ya 100. Uwezo wa meli ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Tuweke maneno yetu hapo, taratibu. Mikungu ya ndizi iliyotapakaa juu ya maji ilikuwa flotsam, kilichoelea. Hakuna aliyeitosa. Na hapo ndipo neno jetsam linapouma. Tangu enzi za Warumi, walioichukua kutoka sheria ya kisiwa cha Rhodes, mabaharia walikuwa na kanuni kwamba mzigo ukitoswa ili kuokoa chombo, hasara wanagawana wote waliookolewa: mwenye chombo na wenye mizigo iliyobaki. Mwenye mzigo uliotoswa halii peke yake. Maana ya kanuni hiyo ni kwamba mzigo unaweza kutoswa ila mtu hatoswi, na anayepoteza kwa ajili ya wenzake analipwa. Lakini kutosa kunataka uamuzi, na uamuzi unataka wakati. Pahali pa kuamua kuhusu uzito wa MV Bukoba palikuwa gatini, Bukoba na Kemondo, kamba zikiwa bado hazijafunguliwa. Kule ziwani meli imelala ubavu, hakuna tena cha kuamua.

Halafu kuna derelict. Baada ya kupinduka, meli ilikaa kwa muda ikiwa imeelea kichwa chini, na ndani kulikuwa na watu wazima, wakigonga chuma. Likatobolewa tundu kwenye chuma hicho ili kuwafikia, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, meli ikaenda chini. Sheria ya bahari inasema chombo ni derelict kikiachwa na watu wake bila tumaini la kurudi. MV Bukoba haikuachwa na watu wake. Walikuwemo. Kuna familia Bukoba na Muleba ambazo hazikupata mwili wa kuzika, na wengi waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza, mbali na migomba ya kwao. Ukiandika kwamba chini ya ziwa pale kuna "mabaki ya meli" umesema ukweli, lakini umesema ukweli wa mtu wa chuma chakavu. Kwa familia hizo pale ni kaburi. Na kwa wale wa daraja la tatu ni kaburi lisilo na orodha ya majina. Wao ndio walioachwa mapema kuliko wote: walitelekezwa kabla ya kuzama, siku walipouziwa nafasi bila kuandikwa popote.

Jaribio la nne ni la juzi juzi. Tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19, wakaokoka 24. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alieleza jinsi alivyotumia kasia kuvunja mlango wa nyuma ili watu watoke. Baadaye watu waliivuta ndege kwa kamba kuisogeza ufukweni.

Mwandishi wa Kiingereza siku hiyo alikuwa na maneno matatu mezani: wreckage kwa mwili wa ndege ulioharibika, debris kwa vipande vilivyotawanyika, na remains kwa heshima ya miili ya marehemu. Sisi tuliandika mabaki kwa vyote. Lakini jambo kubwa lilikuwa kwenye kitenzi. Kiingereza kwa kazi ya kuokoa mali kina salvage, na kwa kuokoa watu kina rescue. Sisi tuna kuokota, kuopoa na kuokoa. Herufi zinakaribiana, maana zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Unaokota kisicho na mwenyewe. Unaopoa kilichozama. Unaokoa kilicho hai. Wavuvi wa Bukoba walifika pale kabla hakijajulikana chochote, na walichofanya ni kuokoa, wakaendelea kuokoa mpaka ilipobidi kuopoa. Ingekuwa ni wale wa pwani ya Uingereza kabla ya 1275, wangeweza kukaa ufukweni wakisubiri kuokota.

Ndiyo maana nasema neno mabaki halitoshi. Nisieleweke vibaya, ni neno zuri na litaendelea kutumika. Hata tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoangusha nyumba zetu, tulikuwa na maneno mengine tukayatumia vizuri: kifusi ni kile cha kuzoa, gofu ni nyumba iliyosimama bila paa wala watu, ufa ni onyo. Watu walijua tofauti kwa sababu kila neno lilikuwa na kazi yake: kifusi kinabebwa, gofu linabomolewa au linajengwa upya, ufa unazibwa. Ziwani hatujafanya kazi hiyo. Tukiandika "mabaki" tunampa msomaji ruhusa ya kutouliza nani aliachia.

Kwa hiyo safari nyingine chombo kikipata ajali, kiwe meli, ndege, mtumbwi wa injini kutoka visiwa vya Muleba au hata shirika la umma, tujiulize yale maswali ya mabaharia wa zamani. Kilielea chenyewe au kilitoswa? Kama kilitoswa, nani aliamua, na hasara wamegawana au kaachiwa mmoja? Kimefungiwa boya kama kiporo cha kesho, au kimetelekezwa? Na lile swali la mwaka 1275 tuliweke juu ya yote: kuna aliyetoka hai? Kama yupo, basi kile si cha kuokota. Kina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuja kuuliza, hata mwaka na siku vikipita.

Nawasilisha.